Rekodi kongwe za anwani za IP: lebo haikupi haki usiyokuwa nayo

SWALI: Mimi ni afisa TEHAMA wa chuo kimoja mkoani Iringa. Tuna fungu la anwani 256 za IPv4 (namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti) zinazoanza na 196, tulilolikuta kazini. Kwenye kanzidata ya AFRINIC, msajili wa anwani za intaneti kwa kanda ya Afrika, limeandikwa kwa jina la mradi uliokwisha zamani, na mtu wa mawasiliano alishastaafu. Kuna bwana wa Mbeya anasema kwa shilingi laki nane atatuwekea lebo ya anwani kongwe (legacy). Tukishaipata, anasema, chuo kitakuwa mmiliki kamili, hakitadaiwa ada na kitaweza hata kuzikodisha. Tumpe kazi?

JIBU: Msimpe, ndugu yangu. Na kama ameshapata barua yoyote yenye nembo na mhuri wa chuo, nenda kwanza kwenye aya ya mwisho.

Hapa Mbeya nakutana na imani hii karibu kila ninapoitwa kwenye taasisi yenye mtandao wa siku nyingi, na inaniudhi kwa sababu inawaumiza watu wenye nia njema. Lebo haizai haki yoyote. Inaeleza historia tu: kwamba anwani zilitolewa nje ya mfumo wa mikataba ya wasajili wa kanda, na zilipotolewa mpokeaji hakusaini mkataba na yeyote kati yao. Anayeiweka ni msajili mwenyewe, baada ya kusoma kumbukumbu zake. Kwa mfano, RIPE NCC, msajili wa kanda ya Ulaya, ilianza kutumia hadhi hiyo rasmi kwenye kanzidata yake mwaka 2014, na mteja hawezi kujiwekea. Kwa hiyo huyo bwana anawauzia kitu ambacho hana mamlaka ya kukitoa.

Halafu, nani kasema fungu lenu ni kongwe kwa maana hiyo? Umri peke yake hautoshi. AFRINIC ilitambuliwa rasmi Aprili 2005. Kabla ya hapo anwani za Afrika zilitolewa na RIPE NCC, na ARIN ya Marekani iliyoanza 1997, na kabla ya ARIN kulikuwa na InterNIC, usajili wa awali wa intaneti huko Marekani. Rekodi zao zikahamishiwa AFRINIC. Nyingi zilizotoka Ulaya bado zina mstari wa maelezo unaosema data ilihamishwa kutoka RIPE, na tarehe 20050221. Watu wawili wanausoma mstari huo vibaya kwa njia mbili: mmoja anadhani ndiyo tarehe ya kupewa anwani, mwingine anadhani ni ushahidi wa ukongwe. Ni tarehe ya kuhamisha data, basi. Fungu lililotolewa mwaka 2001 chini ya mkataba wa kawaida linaweza kuwa nao, na si kongwe. Angalia pia mstari wa hadhi (status) kwenye rekodi. Ukikuta ASSIGNED PA, hizo ni anwani mlizokatiwa kutoka kwenye fungu la mtoa huduma wenu wa intaneti, na mkiachana naye anwani zinabaki kwake.

Tuseme ni kongwe kweli. Hata hapo ahadi za dalali ni nusu nusu. Ni kweli hamna ada ya uanachama, lakini bila mkataba AFRINIC haiwapi cheti cha RPKI, kile kinachothibitisha ni mtandao upi unaoruhusiwa kutangaza anwani zenu duniani, yaani kuiambia mitandao mingine kwamba zinapatikana kwake. Na mkizihamishia taasisi nyingine ndani ya kanda, sera ya AFRINIC inasema hazihesabiwi tena kuwa kongwe. Hiyo madalali hawaisemi.

Madalali huziita rekodi za namna hii shamba pori, kana kwamba anayeanza kulima ndiye mwenyewe. Mbinu yao naijua. Wanatafuta rekodi ambayo barua pepe ya mawasiliano iko kwenye kikoa (domain) kilichoisha muda, wanakisajili kikoa hicho upya, kisha wanaomba neno la siri la mtunza rekodi libadilishwe. Katika miaka ya karibuni anwani moja ya IPv4 imeuzwa kati ya dola 20 na 50. Piga hesabu ya 256, uone kwa nini laki nane kwake ni chambo tu. Desemba 2019 ilifichuka kwamba mamilioni ya anwani za Afrika, zikiwemo kongwe, zilikuwa zimepita mikononi mwa wasiohusika kwa kuchezea rekodi. Rekodi zilizoibwa kirahisi zilikuwa kama yenu: jina la taasisi iliyokufa na mtu wa mawasiliano asiyepatikana.

Kwa hiyo kazi yenu ni kurekebisha majina ya wahusika kwenye rekodi; lebo itajifuata yenyewe kama mnastahili. Mtafuteni huyo mstaafu kabla kumbukumbu hazijapotea. Kusanyeni barua za mradi, hati ya kuanzishwa chuo, na ushahidi wa jinsi mradi ulivyokabidhi mali zake kwa chuo. Kiungo hicho cha mwisho ndicho wengi hukosa, na bila hicho msajili ana haki ya kukataa. Mkuu wa chuo aandike AFRINIC moja kwa moja, kwa barua pepe ya kikoa cha chuo. Kikoa cha zamani kilichomo kwenye rekodi, kama bado kiko wazi, kisajilini leo.

Sasa kuhusu barua. Dalali huomba barua ya idhini, yaani ruhusa ya kuzitangaza anwani zenu, "kwa ajili ya taratibu". Kwa karatasi hiyo mtoa huduma wa nchi yoyote anaweza kuanza kuzitangaza, na barua taka zitakazotoka huko zitaandikwa kwa jina lenu. Nawaambia wakuu wa taasisi kuanzia Njombe hadi Tunduma wasiisaini kwa mtu asiye mtoa huduma wao. Kama mmeshaitoa, andikeni leo hii kuifuta, nakala kwa AFRINIC na kwa mtoa huduma wenu. Kisha ingia RIPEstat, tovuti ya RIPE NCC, ni bure, uweke fungu lenu na uangalie namba ya mtandao unaolitangaza. Ikitokea namba msiyoijua, mpigie mtoa huduma wenu simu usiku huohuo.