Mama mkwe hataki niweke kijiti - jibu

Pole mdogo wangu. Yani una miaka 20, mtoto wa miezi 8, unataka kwenda VETA ukasome ushonaji afu mama mkwe anasema kijiti, kile cha uzazi wa mpango kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, kinaua kizazi, hayo maneno huku Tanga tumeambiwa karibu wote. Hakiui bana, ukikitoa uwezo wa kushika mimba unarudi mapema tu, ni ile sindano ya miezi 3 ndo inaweza kukuchelewesha miezi kadhaa. Hedhi kuvurugika ipo, sikufichi. Nenda zahanati ya serikali, huduma ni bure na ruhusa ya mume sio sharti. Ila mumeo ongea nae kabla mamaake hajamuwahi, na muulize kabisa ada ya VETA analipa nani?