Usijumlishe makipa wa kabla ya 1992 na wa baada yake, utanunua mbuzi wawili

Mleta uzi, kama hujaenda mnadani kununua huyo mbuzi, simama hapohapo. Nimesoma mpango wako wote. Watu wa kijiwe chenu cha Kihesa, Iringa, wabashiri kipa bora wa zamani kati ya Zoff (Italia), Shilton (England), N'Kono (Cameroon), Zenga (Italia) na Schmeichel (Denmark), wewe ujumlishe mechi za Kombe la Dunia ambazo kila mmoja hakuruhusu bao, aliyebashiri kipa wa juu aondoke na mbuzi. Halafu unauliza Pondamali, kipa wetu wa zamani wa Taifa Stars, akae wapi, nani angeuweza mpira wa miguuni wa siku hizi, na mikanda ya zamani inapatikana wapi. Hayo yasubiri. Kwanza chana hilo jedwali.

Mimi nilikuwa na kibanda umiza, banda la kuonyeshea mpira, huku Mwanjelwa, Mbeya. Ligi za Ulaya zikifungwa, baridi ya Juni ikiingia, mabenchi yanabaki matupu, unabaki wewe na king'amuzi mnatazamana. Nikaona niandae mdahalo kama huo wako. Mchambuzi mmoja wa mjini, yule wa suti na raba, jina namhifadhia, akaniambia, "Namba hazidanganyi. Hesabu mechi ambazo kipa hakufungwa, yamekwisha." Na posho akachukua kwa hekima hiyo. Nikanunua karatasi la manila na maka peni, nikachora mistari kwa rula kama mwalimu wa hesabu. Nikatangaza mbuzi mmoja.

Tukajumlisha mbele ya kadamnasi. Peter Shilton: Kombe la Dunia 1982, 1986 na 1990, mechi 17, hakuruhusu bao katika mechi 10. Makofi. Mzee mmoja mwalimu mstaafu, aliyekuwa amembashiri Shilton, akainuka kabisa kutafuta kamba ya mbuzi. Tukaja kwa Fabien Barthez wa Ufaransa: 1998, 2002 na 2006, mechi 17, hakuruhusu bao katika mechi 10.

Soma tena hapo. Kumi na saba kwa kumi, wote wawili. Kijana wa bodaboda aliyembashiri Barthez naye akainuka. Kamba moja, mikono miwili. Mzee anasema Shilton alitangulia, kijana anasema Barthez ana kombe. Mchambuzi? Alikumbuka ana kipindi redioni, akaondoka hata soda hakumaliza. Nilinunua mbuzi wa pili kwa bei ya mtu mwenye haraka, na mnajua wauza mbuzi wanavyoisoma haraka usoni. Mbaya zaidi, watu wa Zoff na watu wa N'Kono walitoka wamenuna, wakahamia kibanda cha jirani, na ligi ilipofunguliwa hawakurudi. Mbuzi ningewasahau. Wateja wa msimu mzima siwasahau.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pesa yako ilipo. Zile 10 za Shilton na zile 10 za Barthez hazijumlishwi kwenye karatasi moja. Kombe la mwisho la Shilton ni 1990, la kwanza la Barthez ni 1998, na katikati kuna 1992, mwaka ambao kipa alikatazwa kuudaka mpira anaorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Kabla ya hapo, timu ikishaongoza, beki anamrudishia kipa, kipa anaudaka, anamrushia beki, beki anamrudishia tena, huku mshambuliaji anakimbia kama mbwa anayefukuza pikipiki. Dakika zinayeyuka. Bao halifungwi kwa sababu mpira hauchezwi. Kombe la 1990 lilitoa wastani wa mabao 2.21 kwa mechi, wa chini kuliko Kombe lolote, na sheria ikabadilishwa baada ya watu kusinzia mbele ya runinga.

Huyo Schmeichel wako ndiye shahidi mzuri. Tazama fainali ya Euro 1992, Denmark na Ujerumani, mjini Göteborg. Denmark walishinda 2-0, na usiku ule mpira ulirudishwa kwa Schmeichel mpaka unamhurumia Mjerumani. Wiki chache baadaye mchezo huo ukapigwa marufuku. Ila jamaa hakuzama: alikwenda na sheria mpya Manchester United, wakatwaa ligi msimu huohuo wa 1992/93, na 1999 akanyanyua kombe la Ulaya. Ni mmoja kati ya wachache unaoweza kuwapima pande zote mbili. Na kwenye jedwali lako anashika mkia! Kombe la Dunia alicheza moja tu, 1998, kwa sababu nyakati zake nyingine Denmark hawakufuzu. Kosa la kipa hapo ni lipi?

Halafu Zoff. Hili ndilo lililowafukuza wateja wangu, kwa hiyo vumilia. Tarehe 5 Julai 1982, Barcelona, Italia wanaongoza Brazil 3-2 na dakika zinakwisha. Sare inawapeleka Brazil nusu fainali. Unapigwa mpira wa adhabu, Oscar anaupiga kichwa, unakwenda chini karibu na mwamba. Zoff, mzee wa miaka 40, anaanguka na kuubana palepale kwenye mstari. Hakuupangua wala hakuutema. Angeutema tu, kulikuwa na Wabrazil wa kuumalizia. Wanainua mikono kudai bao, yeye ameukumbatia. Italia wakaenda kuwa mabingwa. Sasa fungua jedwali lako, mechi ile Zoff anapata nini? Sifuri, kwa sababu aliruhusu mawili. Lakini kipa anayesimama mlingoti mechi nzima, mabeki wakamaliza kila kitu, anapata alama moja. Upuuzi mtupu.

Zenga ni habari hiyohiyo kwa upande wa pili. Dakika 517 bila kufungwa mwaka 1990, rekodi kubwa, siibezi. Ila mbele yake alikuwa na Baresi, Bergomi, Ferri na Maldini. Hata mimi na kitambi hiki ningepata dakika 45. Krosi moja ya Argentina kwenye nusu fainali, akatoka akachelewa, Caniggia akampita kwa kichwa.

N'Kono mpe heshima yake, yule wa suruali ndefu. Mwaka 1982 Cameroon walitoka sare tatu, wakafungwa bao moja tu, la Italia, tena kipa akiwa ameteleza. Italia nao sare tatu, ila walikuwa wamefunga mabao mawili na Cameroon moja, basi Zoff akasonga, N'Kono akapanda ndege. Buffon mwenyewe amesema N'Kono ndiye aliyemtia hamu ya kukaa golini.

Pondamali ulimuuliza. Kikosi cha Stars kilichokwenda Kombe la Mataifa ya Afrika kule Lagos 1980 kilifungwa 3-1 na Nigeria, 2-1 na Misri, kikatoka 1-1 na Ivory Coast. Hakuna mechi bila bao, kwa hiyo kwa hesabu yako ni sifuri. Libandike hilo mbele ya wazee waliosikiliza mechi zile Radio Tanzania (RTD), halafu uniambie mabenchi ya kijiwe yamebaki mangapi. Huku kwetu wapo wanaosimulia ubingwa wa Tukuyu Stars wa 1986 kama jana, na hakuna aliyewahi kunitajia asilimia.

Fanya hivi. Karatasi mbili, ya kabla ya 1992 na ya baada. Schmeichel umwandike zote mbili. Kila mtu alete mechi moja ya kipa wake na aeleze dakika kwa dakika alifanya nini, watu wapige kura, mbuzi mfanye supu ya wote. Wanyalukolo, nyie Wahehe, mnapenda supu, hapatakuwa na rufaa. Na mchambuzi wa suti akija kukwambia namba hazidanganyi, mpe ya simu yangu. Kuna hesabu hatujamaliza.