Mashine ikichemsha, usikimbilie impela mpya

Vijana wengi wanaoingia kwenye ufundi wa injini za mitumbwi hapa Mwanza huanzia kwenye pampu ya maji. Si vibaya. Kazi yenyewe haidai vifaa vingi: spana chache, bisibisi, pipa la maji na macho yanayoona. Lakini ndiyo kazi inayodanganya kuliko zote, kwa sababu impela ni kampira ka kusukuma maji kanakotosha kiganjani na maduka ya vipuri yanazo. Tajiri, yaani mwenye mtumbwi, akishasema "fundi, mashine yangu inachemsha", mkono wa kijana uko kwenye spana kabla sikio halijamaliza kusikiliza. Anafunga mpya, anapokea hela, na siku chache baadaye mashine ileile inaburutwa kurudi kwa fundi, mtaani Kirumba.

Mpira uliopasuka ni shahidi. Mhoji kwanza, kisha ndipo umtupe.

Kwa ambaye hajawahi kufungua: impela imekaa juu ya giaboksi, ile sehemu ya chini yenye gia na propela, imevaa shafti inayoshuka kutoka kwenye injini, na kinachoizuia isizunguke bure ni kichuma kidogo tunachokiita kii. Mabawa yake, aghalabu sita, yamejikunja ndani ya kikombe kisicholingana pande zote. Yakizunguka, upande mmoja yanapanuka na kuvuta maji ya ziwa kupitia vichujio vya pembeni, upande wa pili yanabanwa na kuyasukuma juu kwenye bomba hadi kwenye bloku na hedi, yaani mwili wa injini na kifuniko cha kichwa chake. Sehemu ya maji hayo hutoka nje kwa mchirizi mwembamba, ndiyo maana wavuvi huuliza kama mashine inakojoa.

Anza na maswali kwa nahodha, siyo kwa tajiri aliyekuwa amelala nyumbani. Ilianza lini? Mlikuwa mmepita kwenye magugu maji? Ilichemsha mkiwa polepole au ilipopewa moto, yaani kasi? Majibu hayo yana thamani kuliko spana. Mchirizi ukiwa dhaifu wakati mashine inanguruma taratibu lakini ukaimarika ikishika kasi, mabawa yamechoka. Ukiwa mzuri taratibu kisha ukafifia kwenye kasi, shuku mpira uliobanduka kutoka kwenye kitovu chake cha shaba. Hapo impela utaiona nzima, inang'aa, na kijana asiyejua atairudisha ilivyo. Ishike kitovu kwa koleo, uuzungushe mpira kwa mkono wako wote. Ukiteleza hata kidogo, impela hiyo imekwisha.

Kama mchirizi haupo kabisa lakini hedi haina joto la kutisha, chokonoa tundu la mchirizi kwa waya laini kabla ya jambo lingine. Nyigu na matope hupenda hapo. Na kama mchirizi una nguvu ilhali hedi inaunguza, pampu haina kosa. Ama themostati, kifaa kinachofungua njia ya maji injini ikipata joto, imeganda ikiwa imejifunga, ama njia za maji za juu zimeziba. Mimina matone machache ya maji juu ya hedi. Yakiruka na kuvuta mvuke, zima hapohapo, usingoje tajiri akuruhusu. Themostati yenyewe ipime kwenye sufuria ya maji ya moto: nyingi za mashine hizi huanza kufunguka karibu na nyuzi 50, kwa hiyo maji yakianza kutokota na yenyewe imekaa kimya, imekufa.

Vichujio navyo viangalie kwa tochi. Nimewahi kuvuta humo vipande vya nyavu za timba, mfuko wa plastiki, na mizizi ya magugu iliyosokotwa ikawa ngumu. Ukishaitoa takataka ya namna hiyo, usifurahi mapema. Pampu iliyokosa maji kwa muda imejisugua kavu, na mpira hauvumilii jambo hilo. Sekunde chache tu zinatosha kuuchoma.

Haya, sasa fungua. Toa waya za plagi kwanza, mashine isije ikawaka propela ikiwa mikononi mwako. Tenganisha fimbo ya gia, legeza bolti za giaboksi, na kama kuna moja haionekani itafute chini ya kibati kidogo kilicho juu ya propela. Vuta chini moja kwa moja. Ikigoma, ni kutu au bolti uliyoisahau; nyundo si jibu kwenye aluminiamu.

Mpira uliopasuka hausemi neno moja tu. Kunja kila bawa kwa kidole utazame shinani, maana ufa hujificha pale linapokunjika, kama kandambili iliyosahauliwa juani. Nyufa nyembamba kwenye mabawa yote ni uzee, hakuna wa kulaumiwa. Mabawa yaliyobaki yamelala upande mmoja na hayanyooki yameiva kwa joto au kwa kukaa muda mrefu bila kazi. Ncha zilizong'aa na kuyeyuka zinaeleza kwamba mtu aliiwasha nchi kavu, mara nyingi ili kumsikilizisha mnunuzi sauti yake. Mikwaruzo ya duara kwenye kikombe na kwenye sahani iliyo chini yake ni mchanga, na mchanga huo unaujua: manahodha wanawasha mashine wakati mtumbwi bado unagusa chini, propela inatifua, pampu inakunywa. Ukibadilisha impela ukaacha kikombe chenye mifereji, mpya italiwa na maji yatavuja pembeni mwa mabawa. Wengi hubana matumizi hapo, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Halafu hesabu mabawa. Hili nalisisitiza kwa kila anayekuja kujifunza kwangu: kama bawa limekatika, hutafunga kitu mpaka ulione lilipo. Halikuyeyuka. Limepanda na maji, limekwama kwenye bomba, kwenye kona ya bloku au mbele ya themostati, nalo litaiziba njia hata kama pampu ni mpya kutoka kwenye boksi. Fungua themostati, puliza hewa ya kompresa kutoka juu kwenda chini, yaani kinyume cha maji yanavyopanda, pitisha na maji ya mpira wa bustani. Panga vipande ulivyopata juu ya kitambaa ujenge bawa upya. Kikikosekana kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, endelea kutafuta. Tajiri atanung'unika kwamba unachelewesha safari ya dagaa. Mwache anung'unike, mashine ikijifunga usiku kati ya Kayenze na Ukerewe, upepo ukiwa umeamka, ndani ya ule mtumbwi hamna yeye.

Kufunga hakuna maneno mengi. Kii mpya kama ya zamani imelika. Paka maji ya sabuni kwenye mabawa na kikombe, siyo petroli. Shusha kikombe taratibu huku ukizungusha shafti kuelekea inakozungukia injini, kwa kawaida mwendo wa saa ukitazama kutoka juu, mabawa yalale upande unaotakiwa. Grisi kidogo kwenye meno ya shafti, siyo juu kwenye ncha yake. Unapopandisha giaboksi hakikisha bomba la maji limeingia kwenye mpira wake, kwani hapo ndipo kazi nzuri huharibika bila mtu kujua: likikaa pembeni, pampu mpya itasukuma maji kwenye hewa. Shafti isipoingia, zungusha flaiwili, lile gurudumu zito lililo juu ya injini, kidogo kwa mkono. Usiivute kwa bolti, utapasua kitu cha bei kubwa kuliko impela mia.

Wakati giaboksi iko chini, legeza skrubu ya oili utazame. Ikiwa nyeupe kama maziwa, sili, zile pete za mpira za kuzuia maji, zinapitisha maji, na hiyo ni kazi nyingine ya kumwambia tajiri bei yake kabla hujaigusa.

Jaribio la pipa ni la kwanza tu, na maji yavuke vichujio na pampu. Pipa halibebi mzigo. Nenda na nahodha majini, mpeleke mtumbwi mbali na kina kifupi, ipewe moto kamili huku umekaa nyuma ukiutazama mchirizi na kuigusa hedi mara kwa mara. Mkirudi, mpe tajiri impela ya zamani mkononi pamoja na vipande vyake, umweleze nahodha, mbele ya tajiri, kwamba mtumbwi usukumwe kwa pondo mpaka maji yawe ya kiunoni ndipo mashine iwashwe.