Re: Mdogo wangu anataka kusomea kuchomea vyuma, ada na msaada vipi?

Waalaykumussalaam dada. Kwa vile mpo Pemba msikimbilie Unguja, kituo cha mafunzo ya amali (ufundi) cha Vitongoji hapo hapo Pemba kipo chini ya serikali, nendeni kwanza mkaulize hapo maana boti na chumba cha kukodi huko mjini ndo vinavyokula pesa kuliko hata ada yenyewe. Mdogo wako aende na cheti cha kuzaliwa, vyeti vya skuli, paspoti saizi na barua ya sheha (kiongozi wa shehia yenu), asingoje mpaka tangazo la fomu litoke ndo aanze kuhangaika.

Kuhusu msaada, Bodi ya Mikopo ya Zanzibar ni ya elimu ya juu, huko usimtume. Aulizie programu ya uanagenzi, anasoma huku anafanya kazi kwa fundi, na ada muombe mlipe kidogo kidogo.

Tena ulizeni bei ya vifaa, ovaroli, buti, glavu za ngozi na kinyago cha kioo cheusi cha namba 10 kwenda juu (namba ndo kiwango cha giza la kioo). Hizi miwani za jua wanazovaa mafundi wa mitaani hapana wallahi, usiku macho yanawasha kama yametiwa mchanga.