Taa ya tairi ikipepesa, tatizo si upepo

Gari langu lilitoka Uingereza, na ndani ya kila tairi kuna sensa ya upepo, yaani kifaa kidogo kinachopima upepo na kulitumia gari taarifa kwa mawimbi ya redio. Mwaka jana nikiwa nimeshapita Usagara kuelekea Kigongo, niliona taa ya njano imewaka, ile yenye umbo la tairi lililokatwa na alama ya mshangao katikati. Nikasimama kabla ya daraja, nikapima matairi yote manne kwa geji. Yako sawa. Niliporudi Mwanza fundi mmoja akaniongezea upepo hadi 40, mwingine akashauri tuichomoe taa. Hakuna aliyeangalia inavyowaka.

Kumbe jibu liko hapo hapo. Washa swichi, tulia, itazame. Ikiwaka tu bila kupepesa, kuna tairi limepungukiwa upepo. Ikipepesa kwa dakika moja au moja na nusu kisha ikatulia ikiwa imewaka, mfumo wenyewe ndio mbovu, hata ujaze upepo mara kumi. Yangu ilikuwa inapepesa.

Fundi umeme wa Nyakato alipitisha mashine ya kusoma sensa, tairi moja baada ya jingine. Matatu yakajibu, la nyuma kushoto kimya. Betri ya sensa yake ilikuwa imekufa. Betri ya sensa hudumu miaka 5 hadi 10, na magari mengi yanatufikia yakiwa na umri huo tayari. Imezibwa ndani, haibadilishwi, kwa hiyo unanunua sensa nzima. Hapo nikapoteza hela: nilichukua sensa iliyotumika, ya gari la Japani. Ilikaa vizuri kwenye rimu, lakini gari halikuisikia. Za Japani na Marekani nyingi hutumia mawimbi ya megahezi 315, za Uingereza na Ulaya 433, kwa hiyo hazisikilizani. Namba huwa imeandikwa kwenye sensa yenyewe. Isome kabla hujalipa.

Halafu vile vifuniko vya valvu vya chuma vinavyong'aa, naomba uvitoe leo. Valvu ya sensa nyingi ni ya aluminiamu, na metali hizo mbili zikikaa pamoja na unyevu zinashikana. Changu kiligoma kufunguka, unga mweupe umejaa kwenye nyuzi zake. Fundi akakikamata kwa koleo, akazungusha, valvu ikakatika. Tairi lilikaa chini tukiliangalia, na sensa ile ilikuwa bado inafanya kazi. Weka vya plastiki.

Fundi pancha naye mwambie mapema kwamba kuna sensa nyuma ya valvu, asiingize chuma upande huo.

Na kama taa imewaka bila kupepesa, jaza kwa kipimo cha kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Changu ni 33 mbele, 36 nyuma. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Ukifika kutoka Magu saa nane mchana, tairi lina moto na geji inasoma juu. Ukiupunguza upepo hapo, baridi ya usiku itamalizia, na asubuhi taa itawaka tena.