Wasomaji wanauliza: Mahindi, joto na mnunuzi wa shambani

SWALI: Nimevuna gunia 20 za mahindi. Mnunuzi anasema yana unyevu, anataka anikate kilo 10 kila gunia, tena kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo hadi kuwa na kilemba juu. Nikiyaweka hadi Januari, stoo yangu ya bati ina joto sana na mwaka jana dumuzi waliyageuza unga. Nifanyeje?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Unyevu pima mwenyewe. Chukua chupa kavu ya kioo, jaza mahindi theluthi moja, tia vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika mbili, uache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isiponata, uko chini ya 15 lakini huenda bado hujafika 13.5 inayotakiwa sokoni, kwa hiyo anika tena siku moja au mbili, kwenye turubai, unene usiozidi vidole vitatu, ukigeuza kila baada ya nusu saa.

Sasa hesabu. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18 likikauka hadi 13.5 hubaki karibu kilo 95. Anayekata kilo 10 anajilipa mara mbili. Na kile kilemba cha lumbesa ni mahindi yako ya bure. Nenda soko la nafaka la Kibaigwa, uza kwa mizani.

Kuhusu dumuzi, tatizo kubwa si bati, ni hewa. Nunua mifuko ya PICS, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba. Puliza kila plastiki uone kama inavuja. Jaza, acha shingo ya sentimita 30, isokote, ikunje, ifunge kwa kamba; kisha ya pili vivyo hivyo, halafu kiroba. Wadudu watamaliza oksijeni na kufa. Usifungue kabla ya miezi miwili. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta, na uzuie panya: tundu moja tu linarudisha hewa.

Wengi hukosea hapa: wanafunga saa tisa alasiri, punje zikiwa bado za moto. Usiku plastiki inapoa, jasho linajikusanya juu, na ukungu unaanzia hapo. Yaache yapoe kivulini kwanza.

Usiweke yote. Bei ya Januari si ahadi. Soko la nje likifungwa, hushuka. Uza ya kulipia madeni sasa. Ukifungua mfuko ukanusa harufu ya pombe, yalifungwa mabichi, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, huenda imo: usiyapeleke mashineni.