Maswali ya Wasomaji: Je, Minervali Yangu Imekula Mtaji wa Mama?

SWALI

Mama mhariri, jambo sana. Mimi ni binti wa Bukavu, mzaliwa wa kwanza katika watoto watano, na mwezi uliopita nilitetea kazi yangu ya mwisho wa masomo katika sayansi za biashara, baada ya miaka mitatu ya mfumo huu mpya wa LMD (lisansi, masta, doktora). Nilipotoka ukumbini wadogo zangu walinimwagia poda kichwani mpaka nywele zikawa nyeupe kama za bibi, mama akapiga vigelegele, tukapiga picha. Furaha ilikuwapo, siwezi kusema uongo. Lakini tangu siku ile ninajiuliza nimepata nini hasa katika miaka hiyo mitatu.

Mwaka wa kwanza tulikuwa wengi kiasi kwamba aliyechelewa kidogo alisikiliza somo akiwa amesimama dirishani. Silabusi tulizinunua, tukazikariri, tukazirudisha kwenye karatasi ya mtihani jinsi zilivyokuwa. Mifano yote ya hesabu ilihusu kampuni isiyo na jina, yenye kiwanda, malori na mkopo wa benki; sikumbuki hata siku moja tuliyopiga hesabu ya mtu anayeuza kitu kwenye meza. Mafunzo ya kazini niliyafanya mwezi mmoja katika shirika moja la hapa mjini, ambako nilipiga mihuri, nikatoa nakala za karatasi, kisha nikapewa alama 16 kati ya 20 na mtu ambaye hakuwahi kuniuliza jina langu.

Mama huuza sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, katika soko la Kadutu, naye ndiye aliyelipa kila faranga ya masomo yangu. Siku tatu baada ya utetezi alinikabidhi daftari la biashara, ambalo nilikuwa nikimsaidia kuliandika kila jioni kwa miezi mitatu ya mwisho, akasema: "Sasa wewe ni mtu wa hesabu. Niambie ninapata ngapi." Nilikesha. Nilipogeuza kila kitu kuwa dola, mauzo yalikuwa 2,340. Manunuzi ya sambaza yalikuwa 1,755. Usafiri, ushuru wa soko na magunia 210. Awamu ya mwisho ya minervali yangu, yaani ada ya chuo, pamoja na uchapishaji wa kazi 390. Chakula na mahitaji ya nyumba 165. Jumla ya matumizi ni 2,520, yaani hasara ya dola 180. Mama hakopeshi wala hakopi, kwa hiyo hakuna deni la kusingizia. Nilifunga daftari nikamwambia bado ninahesabu, na hadi leo ninapoandika barua hii bado "ninahesabu".

Je, miaka yangu mitatu imekula mtaji wa mama? Na nimwambie nini mdogo wangu, ambaye amepata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari mwaka huu na anataka kuingia kitengo kilekile nilichotoka?

Mhitimu, Kadutu

JIBU

Jambo sana, mwanangu, na pongezi kwako na kwa mama yako. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa kuwa mtu aliyeshika vitabu vya hesabu vya duka kwa miaka mingi hawezi kuona tarakimu zimepangwa akaacha kuzijumlisha. Jumla yako ni sahihi. Kosa liko katika safu uliyoiandikia: umeweka pamoja matumizi ya biashara na matumizi ya nyumba, mambo mawili ambayo silabusi hiyohiyo unayoilaumu inayatenganisha.

Kumbuka mpangilio wa SYSCOHADA, mfumo wa hesabu wa OHADA, ule umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara. Gharama za biashara hukaa katika darasa la 6: manunuzi, usafiri, kodi na ushuru. Minervali ya mtoto haimo humo, hata ukitafuta hadi asubuhi. Fedha ambayo mwenye biashara anaichukua kwa ajili yake na watu wake huandikwa katika hesabu 104, hesabu ya mwenye biashara, ambamo 1043 ni ya matumizi yake binafsi na 1047 ni ya bidhaa anazozitoa dukani mwake kwa kuzila mwenyewe. Waliotunga mfumo huo walimfikiria mpaka samaki anayeondoka kwenye meza ya soko kwenda kwenye sufuria ya nyumbani. Wewe ulisoma namba hiyo, bila shaka uliijibu katika mtihani, lakini hakuna aliyekuonyesha sura yake, nayo ilikuwa sura ya mama yako.

Usione haya. Mimi nilisoma enzi za miaka mitano, mitatu ya graduati na miwili ya lisansi, nikaandika kazi mbili za mwisho badala ya moja, na wiki yangu ya kwanza katika duka moja la vitambaa huko Nyawera nilifanya vilevile. Mwenye duka alifungua droo akachukua fedha za dawa ya mtoto wake, nami nikaziandika upesi katika gharama, nikijivunia mwandiko wangu. Jioni mzee mmoja wa ghala, ambaye hakuwa na cheti chochote, alipitia ukurasa, akavuta penseli kutoka nyuma ya sikio na kuandika pembeni maneno mawili: "ya baba". Sikuhitaji maelezo zaidi. (Baadaye Kongo ilipoingia OHADA, mwaka 2012, nilipaswa kujifunza upya nikiwa na mvi: hesabu ya benki iliyokuwa namba 56 ikahamia 52, ingawa sanduku la fedha, nashukuru, lilibaki 57.)

Sasa turudi kwenye daftari. Barua yako haikutaja akiba ya samaki, ndiyo maana nilikuandikia kuuliza, nawe ukanijibu kwamba mwanzoni mwa miezi hiyo mitatu mama alikuwa na sambaza wa dola 200 kwa bei ya kununulia na mwishoni wa dola 260, na kwamba mlichokula nyumbani, kwa bei hiyohiyo, kilifika kama dola 45. Tarakimu hizo tatu zinageuza kila kitu. Mama alinunua samaki wa 1,755, lakini 60 kati ya hizo ziko bado ndani ya magunia na 45 zimeingia matumboni mwenu, kwa hiyo samaki waliouzwa walimgharimu 1,650. Ongeza 210 za usafiri, ushuru na magunia, unapata 1,860. Toa hiyo katika mauzo ya 2,340: biashara ya mama yako imezaa faida ya dola 480 katika miezi mitatu, yaani 160 kwa mwezi. Neno hasara lifute.

Ila usishangilie kabla hujamaliza ukurasa. Nyumba imechukua 390 za masomo yako, 165 za chakula na mahitaji, na 45 za samaki, jumla 600. Faida ni 480. Pengo la dola 120 limetoka katika mtaji, na unaweza kulithibitisha kwa njia nyingine: fedha taslimu zimepungua kwa 180, akiba ya samaki imeongezeka kwa 60, tofauti ni 120 ileile. Basi jibu la swali lako la kwanza ni hili: ndiyo, katika miezi hiyo mitatu masomo yako yaliumega mtaji wa mama, dola 120 wala si 180, na sababu si biashara mbovu. Ni kwamba awamu ya mwisho ya minervali na uchapishaji wa kazi viliangukia robo moja ya mwaka.

Kuhusu miaka mitatu yote, daftari lako halisemi, nami sitalisemea. Minervali huja kwa mafungu, na sambaza wana kalenda yao. Unajua kwamba wavuvi wa Kivu huwavua usiku kwa taa, na kwamba usiku wa mbalamwezi taa haina nguvu juu ya maji, mavuno yanapungua na gunia linapanda bei. Muulize mama ni mara ngapi katika miezi hiyo alinunua kwa bei ya mbalamwezi. Atakujibu bila kufungua daftari. Profesa wako alichora mistari miwili inayokutana ubaoni, mmoja wa wanunuzi na mmoja wa wauzaji, na sina shaka uliichora vizuri kwenye karatasi yako. Mama yako anauangalia mstari wa wauzaji ukipanda kila anapoinua macho usiku.

Na samaki huyu mwenyewe, niongeze kidogo nje ya hesabu, si mwenyeji wa ziwa letu. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika akapandwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa mgeni, amesomesha watoto wengi wa mji huu kuliko mfuko wowote wa ufadhili ninaoufahamu.

Unalalamika kwamba hukufundishwa hesabu ya mtu wa meza. Hapo nakuunga mkono nusu. Sheria ya hesabu ya OHADA ina mfumo mdogo wa hazina, uliowekwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo kabisa, ambao kwa biashara ya kununua na kuuza ni wale ambao mauzo yao ya mwaka hayafiki faranga milioni 60 za CFA. Hao hawalazimiki kuandika kila tendo mara mbili, upande wa kushoto na upande wa kulia. Wanaandika kilichoingia na kilichotoka, kama ulivyofanya wewe kila jioni, kisha mwishoni wanarekebisha kwa akiba ya bidhaa na kwa madeni. Kilichokosekana katika daftari lako ni marekebisho hayo ya mwisho tu. Kwa hiyo somo lipo, limeandikwa, na ni sheria ya nchi. Kwamba kozi nyingi hulipitia kwa kurasa mbili kabla ya kukimbilia kiwanda na malori, hilo ni kweli, nami naliona kuwa aibu katika miji ambayo karibu kila minervali inatoka kwenye meza ya soko.

Kuhusu mafunzo ya kazini sina la kutetea. Mwezi wa kupiga mihuri ni mwezi uliopotea, na alama 16 zile hazikuwa zako wala za mtu yeyote.

Kuna jambo moja ambalo mimi na wewe hatujaliandika. Nenda Kadutu Jumamosi, simama nyuma ya meza, utazame mkono wa mama anapopima. Anajaza kopo la maziwa ya unga la Guigoz, analisawazisha kwa kiganja, analimimina ndani ya mfuko, kisha vidole vitatu vinarudi kwenye rundo na kuongeza matabishi, nyongeza ya bure, kidogo tu, wakati mteja anatazama. Hesabu makopo yaliyolipiwa kutoka katika gunia moja, halafu siku nyingine upime gunia la namna hiyo nyumbani bila matabishi. Tofauti utakayoipata ni gharama halali ya kumrudisha mteja, na ni kubwa kuliko mnavyodhani. Usimwambie mama aache. Mwambie ni makopo mangapi kwa gunia, naye ataamua vidole vitatu viwe viwili au vibaki vitatu. Yeye anawajua wateja wake, wewe huwajui.

Nimalizie na mdogo wako. Usimsifie kitengo wala usimkataze. Kabla ya uandikishaji, mpe daftari la mama alishike jioni ishirini mfululizo, pamoja na kuhesabu magunia mwanzo na mwisho. Akichoka siku ya tano, atakuwa amejijibu mwenyewe bila kulipa ada. Akivumilia, aingie, lakini mahali pa mafunzo ajitafutie mwenyewe tangu mwaka wa pili, katika duka la dawa au ghala dogo, ambako mtu mmoja anafanya kila kitu na hana muda wa kumpa mihuri. Kuna na sharti la tarakimu: meza inayozaa kama 160 kwa mwezi haiwezi kuanza kubeba mwanafunzi mwingine kabla zile 120 hazijarudi. Hapo ndipo wewe, mwenye lisansi, unapoingia. Mshahara wako wa kwanza, hata ukiwa mdogo, ukimpa mama auweke mezani kwa muda, unaandikwa 1041, hesabu ya fedha anazoziingiza mwenye biashara kwa muda. Hiyo nayo uliisoma.

Leo jioni mwambie mama kwa maneno yake: biashara yako imezaa dola 480, sisi wa nyumbani tumechukua 600. Halafu nunua daftari la pili, lenye jalada la rangi nyingine. La kwanza libaki sokoni, la pili litundikwe jikoni, na samaki wa Jumapili waandikwe humo kabla mafuta hayajapata moto.